Dumu kichwani, lami mbele: sayansi ya kutembea na mzigo inasema nini

Msikilizaji, kama unaishi Sikonge huhitaji kuelezwa asubuhi inavyoanza. Kabla jua halijapanda juu ya miembe, akina mama na mabinti wako njiani na madumu ya njano. Wengine wana mafurushi ya kuni. Wanafunzi wanafuatana kando ya lami ya barabara ya Tabora kwenda Mpanda, na baiskeli zinapita zimelemewa na magunia ya mkaa. Ukimtazama mama mwenye dumu la lita 20 kichwani, mara nyingi utaona hata halishiki. Mikono inaning'inia, mazungumzo na mwenzake yanaendelea, na maji hayamwagiki.

Sisi tunaopita hapo kila siku hatulitazami jambo hilo mara mbili. Lakini wapo wanasayansi waliolitazama wakiwa na mashine na vipimo, na walichokiona kiliwashangaza wao wenyewe. Elimu yao inaitwa baiomekaniki, yaani elimu ya jinsi mwili unavyojisukuma, unavyojizuia usianguke na unavyotumia nguvu zake unapotembea. Leo tunaeleza walichokipata, kwa sababu kinahusu shingo za akina mama na, tangu lami ilipofika, maisha ya watoto wetu pia.

Waliopimwa Kenya

Kazi iliyoanzisha mjadala huu ilitoka hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1986 Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha matokeo yake katika jarida la Nature, pamoja na wenzake akiwemo Norman Heglund, Richard Taylor wa Chuo Kikuu cha Harvard na Giovanni Cavagna wa Italia. Maloiy alikuwa mtaalamu wa jinsi miili inavyofanya kazi, na kabla ya hapo alikuwa amechunguza sana ngamia na wanyama wengine wa maeneo ya ukame. Safari hii walipimwa wanawake wa Kijaluo, wanaobeba mzigo juu ya kichwa, na wanawake wa Kikikuyu, wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso.

Njia yenyewe ni rahisi kuielewa. Mtu anapotembea, misuli inahitaji nguvu, na ili ipate nguvu lazima avute oksijeni. Ukipima hewa anayoivuta na anayoitoa, unajua mwili wake umetumia nguvu kiasi gani. Basi wanawake hao walitembea juu ya mashine yenye mkanda unaozunguka, wakiwa wamevaa kifaa cha kupimia hewa, kwanza bila mzigo, kisha na mizigo ya uzito mbalimbali.

Matarajio yalikuwa kwamba kila kilo inayoongezwa itaongeza gharama. Kwa watu wengi waliowahi kupimwa wakiwa na mabegi ya mgongoni ndivyo ilivyo. Lakini wanawake hawa walibeba mzigo hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili wao bila oksijeni kuongezeka. Mwili ulikuwa kama haujui kuwa kuna kitu kichwani. Mzigo ulipozidi hapo ndipo gharama ilipoanza kupanda, na ilipanda kwa utaratibu: mzigo wa asilimia 30 ya uzito wa mwili uliongeza matumizi ya nguvu kwa asilimia 10, wa asilimia 40 kwa asilimia 20, na kuendelea hivyo. Ile asilimia 20 ya kwanza ilikuwa kama ya bure.

Tulete hesabu hiyo nyumbani. Mama mwenye kilo 55, asilimia 20 yake ni kilo 11. Hiyo ni ndoo ya lita 10 pamoja na uzito wa ndoo yenyewe. Dumu la lita 20 likijaa lina kama kilo 21, ambazo ni asilimia 38 ya uzito wake. Kwa kipimo cha Kenya, dumu hilo linamwongezea karibu asilimia 18 ya nguvu anayotumia kutembea. Si bure, lakini ni nafuu kuliko ambavyo mtu angedhani.

Siri iko kwenye hatua

Kwa nini iwe hivyo? Heglund na wenzake walirudi kwenye swali hilo na kutoa jibu mwaka 1995, pia katika Nature. Safari hii wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu walipita juu ya mabamba ya chuma yanayopima jinsi mguu unavyoikanyaga na kuisukuma ardhi katika kila hatua.

Ili uelewe jibu, fikiria uko kwenye baiskeli katika njia yenye vilima vidogo. Ukishuka unapata kasi bila kukanyaga pedeli, na kasi hiyo inakusaidia kupanda kilima kinachofuata. Kutembea ni hivyo hivyo. Mguu mmoja ukiwa umesimama wima chini yako, mwili uko juu kidogo na mwendo umepungua. Unapouangusha mwili mbele kwenda kwenye mguu wa pili, unashuka na kupata kasi, kisha kasi hiyo inakuinua tena. Kila hatua ni kilima kidogo. Wataalamu hulinganisha mwendo huu na bembea iliyopinduliwa juu chini. Kwa mtu anayetembea mwendo wake wa kawaida, kama kilomita 5 kwa saa, karibu theluthi mbili ya nguvu ya mwendo hurudishwa kwa njia hii, na misuli inalipia sehemu iliyobaki tu.

Wengi wetu tukibebeshwa mzigo, bembea hii haibadiliki. Kwa wale wanawake, mzigo uliifanya iwe bora zaidi. Walipoteza kidogo zaidi katika kila hatua, hasa pale mwili unapotoka juu kuanza kushuka, na akiba hiyo ndiyo iliyolipia mzigo. Hakuna aliyewafundisha darasani. Walikuwa wamebeba tangu utotoni.

Hapa ndipo habari hii ilipopendwa sana duniani, na hapa ndipo sisi tunaomba msikilizaji asimame kidogo. Kusema kwamba mwanamke wa Kiafrika anabeba bila kuchoka ni maneno matamu mno, hasa kwa mtu ambaye hachoti maji. Waliopimwa Kenya walikuwa wachache, na oksijeni si kipimo cha maumivu.

Mwaka 2010 Ray Lloyd na wenzake walitoa matokeo ya vipimo vya wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini, baadhi yao wakiwa wamezoea kubeba kichwani kwa miaka mingi. Walilinganisha kubeba kichwani na kubeba mgongoni. Kwa ujumla hawakuona nafuu ya kichwani. Wapo wanawake waliookoa nguvu kama wale wa Kenya, na wapo ambao kichwani kuliwagharimu zaidi kuliko mgongoni, na mazoea ya miaka mingi hayakueleza tofauti hiyo. Kilichojitokeza wazi ni malalamiko ya shingo. Katika mwaka huo huo utafiti wa Jo-Anne Geere na wenzake katika mkoa wa Limpopo, nchini humo humo, uliwafuata wabeba maji vijijini, wengi wao wanawake na watoto, na ukakuta maumivu ya shingo na mgongo ni jambo la kawaida kwao.

Tukiziweka tafiti hizi pamoja, hazigongani sana. Miguu na mapafu vinaweza kuupokea mzigo kwa gharama ndogo. Shingo inaupokea wote. Uti wa shingo uliumbwa kubeba kichwa, chenye kilo kama 4 au 5. Ukiweka kilo 21 juu yake, pingili za shingo zinabanwa kwa uzito unaozidi ule waliouzoea mara nne au tano, na unapojikwaa kwenye shimo ndipo hatari inapokuwa kubwa zaidi. Ngata husaidia dumu litulie na kutandaza uzito juu ya utosi, lakini haipunguzi hata kilo moja. Mwenye kupata ganzi ya mikono au maumivu ya shingo yanayoshuka mkononi asiyaite uchovu wa kawaida. Aende kituo cha afya.

Mbona asibebe nusu?

Baada ya kusikia hayo, mtu wa mbali hutoa ushauri wa haraka: akina mama wabebe lita 10 badala ya 20. Tumeujaribu ushauri huo kwa hesabu, nao umeshindwa.

Chukua safari ya kwenda kisimani mikono mitupu kuwa ni fungu moja la nguvu. Mama anayeleta lita 20 kwa mkupuo anatumia fungu moja kwenda, na fungu moja na sehemu 18 za mia kurudi. Jumla ni 2.18. Akiamua kuleta lita 10 mara mbili, kila kurudi ni kama bure, lakini anakwenda mara mbili na kurudi mara mbili: jumla mafungu 4. Karibu mara mbili ya nguvu, na mara mbili ya muda. Kwa hiyo anayebeba dumu limejaa anajua anachokifanya. Ameipiga hesabu hiyo kwa miguu yake kabla wanasayansi hawajaipiga kwa mashine. Anachokifanya ni kununua muda, na anailipia kwa shingo.

Kinachobadilisha mambo kweli ni umbali. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo kwamba mwananchi wa kijijini apate lita 25 kwa siku, na kituo cha kuchotea kisizidi mita 400 kutoka nyumbani. Familia ya watu sita kwa kipimo hicho inahitaji lita 150, yaani madumu saba na nusu. Tuseme safari nane. Kituo kikiwa mita 400, safari nane ni kilomita 6.4, nusu yake ukiwa na mzigo. Kisima kikiwa kilomita moja na nusu, safari hizo hizo ni kilomita 24 kwa siku. Hakuna anayeweza kufanya hivyo kila siku na bado akapika na kulima, kwa hiyo familia inapunguza maji. Ndiyo sababu tunasema umbali wa bomba ni habari ya afya.

Palipo na baiskeli, hesabu inageuka kabisa. Madumu manne yaliyofungwa kwenye baiskeli, hata ukiisukuma kwa mguu, yanakaa juu ya magurudumu na shingo inapumzika. Tabora nzima ina baiskeli nyingi. Swali ambalo kila nyumba inaweza kujiuliza ni baiskeli iko wapi saa ile maji yanapochotwa, na nani anaiendesha.

Wapagazi walilijua hili

Nchi hii ina historia yake ya mizigo. Katika karne ya 19 bidhaa zilizopita kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo, njia ya kilomita kama 1,200, zilipita juu ya mabega ya watu, na waliosifika kuliko wote katika kazi hiyo ni Wanyamwezi. Henry Stanley mwenyewe, mwaka 1871, alipoikwepa vita ya Mirambo akiwa njiani kumtafuta Livingstone, aliondoka Kwihara akazunguka kusini kupitia Ugunda, na mizigo yake ilikwenda na wapagazi.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Kwa mwanamume wa kilo 60 hiyo ni zaidi ya nusu ya uzito wake, na bado alikuwa na mkeka, chungu na chakula chake. Wanyamwezi walipendelea bega. Pembe kubwa ya ndovu ilichukuliwa na mtu mmoja begani; mizigo midogo ilifungwa pande mbili za mti, ule mzega tunaoufahamu. Msafara uliondoka alfajiri nyuma ya kirangozi na mara nyingi ulitua kabla jua halijawa kali. Haukwenda mbio. Richard Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857 wakafika Kaze, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba, siku 134.

Mwendo huo wa polepole wenye kutua mara kwa mara umekuja kupimwa kwingine. Mwaka 2005 Guillaume Bastien, Heglund na wenzao walitoa matokeo ya wapagazi wa milima ya Nepal, ambao hubeba kwa mkanda wa kichwani. Wanaume kwa wastani walibeba asilimia 93 ya uzito wa miili yao, wanawake asilimia 66, na kwa mizigo mizito walitumia nguvu kidogo kuliko hata wanawake wa Kenya. Watafiti walipochunguza hatua zao baadaye, hawakuukuta ule ufundi wa bembea. Walichokiona barabarani ni watu wanaotembea taratibu, wanaotua mzigo kila baada ya kitambo kifupi, na wanaoendelea hivyo kutwa nzima kwa siku nyingi. Mtoto anayemharakisha bibi yake mwenye kuni kichwani hajui kuwa bibi anatembea kwa kanuni.

Lami imebadilisha hesabu

Zamani aliyekuwa na mzigo kichwani katika njia ya vumbi alikutana na baiskeli, ng'ombe, na gari moja moja lililosikika kutoka mbali. Siku hizi Sikonge na Ipole ziko juu ya lami, na magari yanapita kwa kasi ambayo mashimo ya zamani yasingeiruhusu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 ilionyesha kuwa barani Afrika watembea kwa miguu na waendesha baiskeli walikuwa asilimia 44 ya wanaokufa barabarani.

Mzigo kichwani unaongeza hatari hiyo kwa njia mbili. Kwanza, shingo haigeuki. Mtu mwenye dumu kichwani hawezi kutupa jicho kulia na kushoto haraka. Ni lazima ageuze kiwiliwili chote. Pili, anavuka taratibu. Chukua lami yenye upana wa mita 7. Anayetembea kilomita 5 kwa saa anaimaliza kwa sekunde 5. Mwenye mzigo anayekwenda mita moja kwa sekunde anahitaji sekunde 7. Gari la kasi ya kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Katika sekunde 7 limefika mita 155, yaani uwanja wa mpira mmoja na nusu. Gari ambalo ulipoanza kuvuka lilikuwa mbali sana, linakukuta hujafika ng'ambo. Kwa kilomita 50 kwa saa, kasi ambayo sheria inaitaka katika maeneo ya makazi, gari hilo lingekuwa limekwenda mita 97.

Watoto wana tatizo lao jingine, na hapa tunaomba wazazi na walimu wasikilize vizuri. Mwaka 2011 John Wann na wenzake wa Royal Holloway, Chuo Kikuu cha London, walionyesha kuwa macho ya watoto wa shule ya msingi hayawezi kupima vizuri gari linalokuja kwa kasi inayozidi kama kilomita 32 kwa saa. Gari linalokwenda kasi sana linaweza kuonekana kwao kama limesimama. Mtoto anatazama kweli, analiona gari kweli, kisha anavuka. Tukimwambia "angalia barabara" tumemwambia nusu tu, kwa sababu jicho lake bado halijakomaa kuipima kasi. Anachoweza kufuata ni kanuni isiyohitaji kupima: kama gari au bodaboda inaonekana popote barabarani, asivuke mpaka ipite. Na mtoto asitumwe maji ng'ambo ya lami akiwa peke yake.

Kwa mtu mzima mwenye mzigo, mambo ni machache. Tembea upande wa kulia wa barabara, ili magari ya upande wako yawe yanakuja mbele ya uso wako, maana kugeuka nyuma huwezi. Kabla ya kuvuka simama kabisa, geuza mwili mzima upande mmoja, kisha mwingine. Usivukie kwenye kona wala nyuma ya basi lililosimama kushusha abiria. Giza likiingia, dumu la njano linaonekana kuliko kanga nyeusi, lakini dereva analiona likiwa limechelewa.

Hayo yote, hata hivyo, yanamwachia mama mwenye kilo 21 kichwani kazi ambayo ingefanywa na tuta la barabarani. Dar es Salaam shirika la Amend limekuwa likijenga matuta, njia za miguu na vivuko karibu na shule za msingi ambako watoto walikuwa wakigongwa, na utafiti uliofuata ulionyesha kuwa majeruhi walipungua. Kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI mwaka 2019. Vifaa vyake ni saruji, rangi na mabango.

Kwa hiyo kama shule au kisima cha kijiji chenu kiko ng'ambo ya barabara kuu, jueni mlango wa kugonga. Barabara kuu ya Tabora kwenda Mpanda iko chini ya TANROADS. Barabara za ndani ya wilaya ziko chini ya TARURA. Na maombi ya bomba au kituo kipya cha maji vijijini huenda RUWASA. Jambo lipelekwe kwanza kwenye mkutano mkuu wa kijiji, liandikwe kwenye muhtasari, kisha serikali ya kijiji iandike barua. Katika barua andikeni mahali penyewe, saa ambazo watoto na wachota maji wanavuka, na idadi yao. Idadi mnaweza kuipata wenyewe: mtu mmoja akae chini ya mti asubuhi moja, kuanzia saa 12 hadi saa 2, ahesabu.